Nati Inayokaza Kinyume

Nanyuki,
13 Februari 1966

Kwa dada Watiri, mwana wa mama,

Nakusalimu wewe, mama, binti yako Wachuka, na yeyote mwingine aliye karibu na moto wako wakati unasoma. Mimi niko sawa. Baridi ya huku inashuka moja kwa moja kutoka mlimani, asubuhi chuma hakishikiki bila kitambaa, lakini sijambo. Mguu uliovimba Krismasi umepona. Mwambie mama aache kuuliza kila mtu anayetoka Nanyuki kama nimekonda. Sijakonda.

Sasa shafti ya msumeno wako wa mbao, kile chuma kinachouzungusha. Imekwisha, na nimeikata mimi mwenyewe. Fundi Gure alisimama pembeni na chai yake, hakugusa kitu. Unajua nilipokuja hapa karakanani kwake nilifikiri mashine ya lethi ndiyo inayofanya kazi, mtu anaangalia tu: chuma kinazunguka, kisu kinakwangua, basi. Kumbe. Kwanza Gure alinipa tupa na kipande cha chuma, akasema nikifanye mraba. Nikimpelekea anakiweka juu ya kioo, anatazama mwanga unapita wapi, ananirudishia bila neno. Halafu akanihamishia kwenye jiwe la kunolea. Kunoa kisu cha lethi si kama kunoa panga, dada. Kina pembe ya mbele, pembe ya ubavuni, na pembe ya juu ya kupitishia chuma kilichokatwa. Ukikosea hakikati, kinasukuma tu na kulia kama nguruwe. Nimechoma vidole mpaka Gure akaniuliza kama nina vingine nyumbani.

Thredi ndizo zilizonitesa, zile njia zinazozunguka chuma ambazo nati hutembea juu yake. Unapitisha kisu njia ileile tena na tena, kila safari kinaingia ndani kidogo zaidi. Ukikosa mahali pa kuingilia unakata njia mbili na kazi yote inatupwa. Lakini ilipokwisha nikaweka nati, nikaisukuma kwa kidole, ikatembea mpaka mwisho bila kuyumba. Gure akaitazama akasema, "Haya." Kwake hiyo ni hotuba.

Kamba uliyonifungia mafundo ya kipimo ilitosha. Ningependa kukiona kile kipande cha zamani, lakini kama kilipovunjika kiliruka bondeni pamoja na nati yake, basi. Shafti itakuja Jumatano na lori la ng'ombe la Isse. Salimu wote wa boma la marehemu shemeji Muriithi. Yule ndugu yake sina salamu zake.

Ni mimi mdogo wako,
Mathenge


Gatitu,
27 Februari 1966

Mathenge, mtoto wa mama,

Tumezipokea salamu zako na tumezigawana. Mama anakohoa lakini anakula, na akiwa na nguvu za kugombana mimi silali na wasiwasi. Ng'ombe amezaa ndama jike. Wachuka amekuwa mrefu kunishinda na anafikiri urefu ni akili. Krismasi ulisema mguu ndio uliokuzuia kuja nyumbani. Nangoja kusikia Pasaka utasema nini, labda sikio.

Shafti ilifika ikinuka ng'ombe. Tuliifunga mimi na Simeon, huyu kibarua anayenisaidia magogo, na kufikia saa nne msumeno ulikuwa unakata. Unajua neno la wazee baada ya kumzika Muriithi: msumeno ni wangu maadamu unakata, ukilala unaenda kwa Ndungu ndugu yake. Na ulikuwa umelala. Ndungu alikuwa anapita hapa kila jioni kuutazama kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Alikuwa ameshaanza kuniambia ati banda litaezekwa upya namna gani. Basi siku ile alisikia mlio kutoka kwake, akaja mbio. Nikamwambia mbele ya watu waliokuja kununua mbao: hii imekatwa na Mathenge, yule mliyesema kambi ya kizuizini ilimmaliza. Akaitazama, akaigusa, akaenda zake. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nifiwe.

Na kuna jambo jingine. Nati ya zamani ilikuwa ya ajabu. Muriithi alikuwa anaikaza kwa kugeuza kinyume, na kila kibarua mpya alikuwa anaifungua akifikiri anaikaza, tunacheka. Yako inakaza kama nati za watu wengine wote. Umeirekebisha hata bila kuambiwa. Simeon amesema sasa huyo ndiye fundi.

Mama anauliza kama huko kuna mtu wa kukupikia. Nimemwambia ajiulize kwanza kama kuna mtu wa kukuvumilia.

Dada yako,
Watiri


Nanyuki,
10 Machi 1966

Dada Watiri,

Salamu leo ni fupi, nisamehewe. Sote wazima. Barua yako ilinikuta nimerudi kutoka Isiolo na Gure, ilikuwa imelala posta wiki nzima, na sasa wiki hiyo inanitia hofu.

Simamisha msumeno. Hata kama kuna gogo juu ya meza, liache hapo.

Nikueleze. Juzi Gure alinipa baiskeli akaniambia niitoe pedali ya kushoto. Nilivuta spana mpaka nikatokwa na jasho, haikusogea. Kumbe nilikuwa naikaza. Ile ya kushoto thredi zake zimekatwa kinyume, ili mguu ukizungusha usiifungue. Gure akasema kila kinachozunguka kinatazamwa hivyo kabla ya kukatwa. Nilicheka naye. Kisha nikasoma barua yako, pale ulipofurahia nati, na kicheko kikanikauka.

Ile nati ya Muriithi haikuwa ya ajabu. Ilikuwa sawa. Fikiria hivi: shafti inazunguka, gogo linaushika msumeno kwa meno, na msumeno unaishika nati. Nati inataka kubaki nyuma. Kama thredi ni za kinyume, kubaki nyuma kunaikaza. Zikiwa za kawaida, kama nilivyokata mimi, kubaki nyuma kunaifungua. Kila gogo linaifungua kidogo. Siku itakapofunguka yote, msumeno utatoka kwenye shafti ukiwa bado unazunguka, na hautachagua njia.

Usijaribu kupinda mkanda wa injini ili shafti izunguke kinyume. Meno yatatazama nyuma. Na ukigeuza msumeno pia, itabidi usukume magogo kutoka upande wa injini, ambapo hakuna nafasi hata ya mbuzi.

Gure aliniuliza, kabla sijaanza, msumeno unazunguka upande gani. Nilijibu haraka haraka, "Upande wa kawaida." Nilikuwa na hamu ya kukata. Ni hivyo tu, sina la kujitetea.

Nitakata nyingine, lakini chuma cha unene huo kinatoka Nairobi na hatujui lini. Niandikie neno moja tu, kwamba umezima.

Mathenge


Gatitu,
3 Aprili 1966

Mathenge, mtoto wa mama,

Leo ni Jumapili ya Matawi, tumetoka kanisani tumelowa kama kuku. Mvua imeanza vizuri. Mahindi yametoka ardhini, maharagwe pia, na fuko amekula nusu ya viazi vya mama. Mama ameapa kwamba atamngoja na jembe. Kikohozi kimepungua. Alipelekwa Kutus kwa dada yake, akakaa, wakagombana, akarudi na furaha.

Barua yako ilifika. Asante kwa habari za baiskeli, nilimsomea Simeon akashangaa sana. Kumbe kuna elimu hata ndani ya pedali. Naona Gure anakufundisha vizuri na usimwache.

Huku hakuna jambo. Barabara ya Kagio ni tope tupu, lakini mbao za mwenye duka wa huko zilifika salama na amesema hajaona mbao zilizonyooka hivyo. Mchungaji naye anataka viti vipya vya wazee wa kanisa. Shemeji Ndungu yuko, anaongea. Wachuka anataka kwenda kusomea ushonaji Nyeri mjini, nimemwambia tutaona.

Kula vizuri. Huko kwenu kuna baridi, vaa ile sweta.

Dada yako,
Watiri


Nanyuki,
12 Aprili 1966

Dada,

Mpe mama pole kwa ajili ya fuko. Pasaka yetu ilikuwa ya kazi, lori la Isse lilivunja ekseli.

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Nilikuomba neno moja. Umeniandikia mahindi, maharagwe, viazi, Kutus, tope na sweta, na neno hilo halimo. Halafu unaniambia mbao zimefika Kagio. Mbao hizo zilitoka wapi, Watiri? Zilimea pamoja na mahindi?

Nakujua. Ulipokuwa mdogo ulivunja chungu cha nyanya yetu, ukamwambia habari za mvua mpaka akasahau kuuliza. Mimi sitasahau. Unakata na ile shafti.

Nani anasimama mbele yake? Kama ni Simeon, huyo ni mtoto wa watu. Anajua? Ulimsomea habari za baiskeli, je, ulimsomea na za msumeno?

Chuma hakijafika. Kila asubuhi naenda stesheni ya reli kuuliza mpaka yule karani ananikimbia. Nimenoa kisu kipya na nimejifunza kukata kinyume kwenye kipande cha mti, maana mashine lazima ipangwe upya ili kisu kitembee kutoka ndani kwenda nje. Sasa naweza. Kilichobaki ni chuma, na wewe kuwa mzima.

Sikuandikii kama mdogo wako leo. Zima huo msumeno.

Mathenge


Gatitu,
24 Aprili 1966

Mathenge,

Nimekusalimu. Mama mzima, Wachuka mzima, ndama mzima.

Umeuliza nani anasimama mbele. Mimi. Simeon nilimwambia kila kitu siku ileile, na nikamweka nyuma, mbali, anavuta mbao kwa kulabu ndefu. Mbele niko mimi. Kila gogo likiisha nazima injini, natoa spana kwenye aproni, naikaza, nawasha tena. Ndiyo maana kazi imekuwa ya polepole na watu wananung'unika. Nati nimeizoea. Najua inalegea kiasi gani kwa mkalitusi na kiasi gani kwa mwerezi. Usinifundishe kuogopa, naogopa tayari, naogopa tangu nikiamka mpaka jua linapozama, na mikono inaninuka grisi hata nikila.

Lakini ulitaka nifanye nini? Niende kwa Ndungu nimwambie, njoo uchukue msumeno, kazi ya Mathenge ni mbaya? Niliisifu mbele ya watu. Nilikusifu wewe. Yule mtu alipimiwa shamba lako la mtoni likawa lake, wakati wewe ukichimba mitaro kambini Mwea, na yeye na wenzake wamebeba bunduki za serikali ya mkoloni, na mpaka leo anapanda majani ya napia ya ng'ombe pale kwa raha zake. Nimpe na msumeno pia, nimpe na sababu ya kutucheka? Nilisema nitaulinda mpaka shafti yako mpya ije. Nilidhani nitaweza.

Sasa haijalishi. Wazee wa boma walikaa Alhamisi. Ndungu amewaambia ati mwanamke kusimama mbele ya msumeno ni aibu kwa marehemu, ati wateja wanalalamika kazi inachelewa. Kuchelewa huko ndiko kulikonimaliza, na sikuweza kusema sababu yake. Wameamua. Jumanne ya tarehe tatu Mei anauchukua. Amealika watu. Amesema gogo la kwanza atalisukuma mwenyewe ili kila mtu aone kazi ya mwanaume.

Spana sijampa. Hajaiomba.

Maharagwe yamechanua vizuri mwaka huu.

Watiri


Nanyuki,
1 Mei 1966

Dada Watiri, mwana wa mama,

Nawasalimu wote. Barua hii nimempa dereva wa Isse mkononi, posta haitaiwahisha. Sijui kama na yeye atawahi Jumanne, kwa mvua hii.

Nilipata barua yako Ijumaa. Nikaisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, nikitafuta mahali uliposema, "Nitamwambia." Hapapo.

Nataka kukuambia jambo na usimsomee mtu. Nilifurahi. Nilikaa na barua mfukoni Ijumaa yote, nikafanya kazi nikiimba kidogo, jioni nikala nyama na nikaifurahia. Nilimwona Ndungu amesimama pale, na watu wake aliowaalika, na ile nati. Nilijiambia kwamba sisi hatujafanya kitu. Hakuna aliyemsukuma. Aliomba msumeno akapewa.

Jana chuma kilifika. Nikakifunga kwenye lethi, nikaanza. Thredi ya kinyume inaanzia ndani, karibu na bega la shafti, unachimba mfereji kwanza ili kisu kipate pa kuingilia. Nilikuwa nimepitisha safari chache nikafahamu namkatia nani shafti hii. Nikazima mashine. Gure akauliza mbona umezima. Nikamweleza yote, shamba, kambi, Jumanne. Yeye si mtu wetu, hana upande katika mambo haya. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Ile nati umetengeneza wewe." Kisha akawasha lethi akaenda zake nje.

Hiyo ndiyo nimelala nayo. Ndungu akifa, atauawa na kazi ya mkono wangu, ya kwanza niliyoikata. Sitaki kazi hii iwe hivyo. Nimeipenda, Watiri. Ni kitu cha kwanza nilichopenda tangu nitoke Mwea.

Utauliza mbona sipandi basi nikaja mwenyewe kusema. Leo asubuhi nilifika stendi, nikakata tiketi, basi la Nyeri likanguruma mbele yangu. Nikarudi nyumbani. Nimeogopa kwamba nitafika, nimwone amesimama kwenye banda, na mdomo wangu usifunguke.

Wewe uko hapo. Mwambie. Nakuomba kwa jina la mama aliyetuzaa sote wawili, mwambie.

Mathenge


Gatitu,
5 Mei 1966

Mathenge, mtoto wa mama,

Mama anakusalimu na hajui ninachoandika. Kama uliniandikia, barua haijafika. Wanasema malori yamekwama kwenye tope huko juu.

Jumanne walikuja mapema. Ndungu alivaa koti la suti juu ya kaptura ya kazi. Walikuwepo wazee, majirani, hata mchungaji aliletwa aombe. Akaomba, akaombea msumeno. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Nilijiambia nitawapikia na sitatoka. Simeon alikuja mlangoni akanitazama, akaenda kusimama mbali nyuma ya mti. Nikamchukia kwa kunitazama.

Injini ikawashwa. Nikasikia gogo la kwanza linaingia, mlio ukawa mzuri, watu wakapiga makofi. Nikaendelea kumenya. Gogo la pili likaingia. Nilikuwa najua nati imefika wapi, Mathenge, kama unavyojua uji umefika wapi bila kufunua sufuria. Niliukaza moyo. Nilifikiria mitaro ya Mwea. Nilifikiria napia. Kisha nikasikia sauti ya mtoto wake mdogo ikimwita huko nje, "Baba, hata mimi nisukume," na Ndungu akacheka akasema, "Njoo."

Sikumbuki nilivyotoka. Nilichukua ule mti wa kulegezea mkanda nikaupiga mkanda ukatoka kwenye injini. Msumeno ukapunguza mwendo, ukapunguza, ukasimama. Ndungu alinirukia, akaniita majina ambayo mchungaji alijifanya hakuyasikia. Nilikwenda kwenye shafti mbele ya watu wote, nikaweka vidole viwili kwenye nati, nikaigeuza. Iligeuka. Sikuhitaji spana. Nikaigeuza mpaka ikatoka, nikamwekea Ndungu mkononi.

Aliitazama nati, akamtazama mtoto. Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema, nilijua tangu Machi. Akauliza, "Na ulikuwa unasimama hapa?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na leo ulikuwa jikoni?" Nikasema ndiyo.

Wazee wamesema lao. Msumeno ni wa Ndungu, wa kudumu, na mimi nisikanyage tena kwenye banda. Wengine wanasema nilitaka kuua. Sikukana. Mke wa Ndungu amepita hapa mara mbili na hawezi kunitazama, lakini jana aliacha maziwa mlangoni na sijui maana yake.

Nimepoteza, Mathenge. Nilicholinda kimekwenda. Lakini usiku nalala.

Kitu kimoja. Ndungu ni mbishi, amesema ataifunga nati ileile kwa waya na kuendelea wiki ijayo. Amewaambia watu ati mimi ndiye niliyekuwa naikaza vibaya. Mimi hanisikilizi tena. Je, shafti nyingine iko wapi?

Watiri


Nanyuki,
9 Mei 1966

Dada,

Nimekusalimu, na mama.

Iko hapa, imekwisha. Gure ameijaribu, ameitoa nati, ameirudisha, hakusema hata "Haya," ameifunga kwenye gunia yeye mwenyewe. Haitakuja na lori. Naileta Jumamosi kwa basi la asubuhi, na nitaifunga kwa mkono wangu.

Nenda kwa Ndungu leo, hata kama hakutaki. Mwambie waya hautasaidia, utakatika kama uzi wa kushonea. Mwambie asiuwashe kabla sijafika. Usiseme ni maneno yako. Mwambie ni Mathenge amesema.

Mathenge


Gatitu,
12 Mei 1966

Mathenge, mtoto wa mama,

Wote wazima. Dereva wa Isse, aliyekwama kwenye tope akarudi Nanyuki, ameniletea barua zako zote mbili kwa mkono mmoja, ya tarehe mosi na ya juzi. Ile ya kwanza nimeisoma peke yangu nikaichoma. Ulikula nyama, mimi nilimenya viazi. Tusiulizane zaidi.

Nilikwenda kwa Ndungu jana jioni. Nilisimama getini kwa sababu sikukaribishwa. Nikamwambia kama ulivyosema: Mathenge anasema usiuwashe mpaka afike, ataifunga mwenyewe Jumamosi. Alikuwa anakata napia, ile ya mtoni. Aliendelea kukata kwa muda. Kisha akauliza, "Amesema yeye?" Nikasema, yeye. Akauliza, "Anajua ni mimi nitakayesimama hapo?" Nikasema, anajua, ndiyo sababu anakuja.

Akaweka panga chini. Hakusema asante, usimngoje aseme. Lakini leo asubuhi mkanda haupo kwenye injini, ameutoa na kuukunja, na amekaa juu ya gogo mlangoni mwa banda akiwarudisha wateja. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia yule mtu wa Kagio, "Msumeno haufanyi kazi. Tunamngoja fundi."

Shuka kwenye basi pale barabarani, usizunguke kwa njia ya mtoni. Pita katikati ya Gatitu, mchana, na gunia lako begani.

Dada yako,
Watiri